Taa Ipi Ifaayo Darasani?

Ni saa mbili usiku, wakati wa maandalio. Taa moja yaning'inia katikati ya darasa. Mwanafunzi aketiye chini yake asoma bila taabu; mwenzake wa pembeni ameinamia daftari hata pua yakaribia karatasi. Wengi wangeshauri globu hiyo ibadilishwe, itiwe yenye nguvu zaidi. Ushauri huo hauondoi tatizo, na sababu yake imo katika fizikia ifundishwayo darasani humo humo.

Nuru hutawanyika kadiri isafirivyo: umbali ukizidi mara mbili, mwanga uangukao juu ya kitu hubaki robo. Zaidi ya hayo, nuru ifikayo kwa mshazari huenea juu ya eneo kubwa kuliko ile ishukayo wima. Chukua taa tupu iliyo mita 2 juu ya madawati. Dawati lililo mita 4 kando ya lile la katikati, bila kuhesabu nuru irudishwayo na kuta, hupata takriban sehemu 1 kati ya 11 ya mwanga wa dawati la katikati. Globu ikiongezwa nguvu, madawati yote mawili hufaidika, lakini uwiano haubadiliki. Hivyo basi, taa kadhaa za wastani zilizotawanywa darini zafaa kuliko taa moja kali.

WATI SI KIPIMO CHA NURU

Wati hupima umeme utumikao. Nuru itokayo katika taa hupimwa kwa lumeni, na ile iangukayo juu ya meza hupimwa kwa laksi, yaani lumeni 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Kiwango kitumikacho mara nyingi kwa madarasa ni laksi 300. Darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lahitaji basi lumeni 14,400 juu ya madawati. Ikikadiriwa kwamba nusu ya nuru hupotea njiani kwa sababu ya kuta, dari na vumbi, taa zote pamoja yapasa zitoe lumeni 28,800.

Globu ya uzi ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi, maana umeme wake mwingi hugeuka joto. Zingehitajika globu 42, zenye kutumia wati 2,520. Tyubu laiti ya kawaida ya wati 36 hutoa lumeni 2,500 hivi. Tyubu 12 zatosha, na pamoja na choki zake hutumia wati 540 hivi. Tyubu ya LED ya wati 18 hutoa lumeni 2,000 hivi. 15 zatosha, kwa wati 270. Tofauti hiyo huonekana katika bili ya umeme kila mwezi.

Tyubu laiti ina dosari nyingine: ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Mwaka 2023 huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba utengenezaji wa tyubu hizo na biashara yake baina ya nchi ukomeshwe ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Aidha, tyubu yenye choki ya zamani humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini katika karakana mashine izungukayo yaweza kuonekana kana kwamba imesimama, na mkono ukaponzeka.

KIFUNIKO NA MAHALI

Taa njema yaweza kuharibiwa na kifuniko kibaya. Taa iliyozamishwa darini hutupa nuru chini kwa duara jembamba. Yafaa ukumbini au juu ya kaunta ya duka, bali darasani huacha vivuli vizito. Taa ielekezwayo juu hutoa nuru laini isiyochoma macho, lakini yahitaji dari nyeupe. Kwa darasa, yafaa taa ndefu zenye mabawa meupe, zipangwe kwa mistari ielekeayo ubaoni, na ubao wenyewe uwe na taa yake. Kuta zikipakwa rangi nyeupe na taa zikipanguswa vumbi, nuru huongezeka bila gharama ya umeme.

JARIBIO

Tia tone la mafuta katikati ya karatasi nyeupe. Gizani, isimamishe karatasi baina ya taa mbili, kisha isogeze huku na huku hadi doa lisionekane kwa urahisi. Hapo pande zote mbili zapata mwanga sawa. Pima umbali wa kila taa hadi kwenye karatasi. Taa moja ikiwa umbali wa sentimita 60 na nyingine 30, ile ya kwanza ina ukali mara 4 ya ile ya pili. Baada ya hapo linganisha wati zilizoandikwa juu yake, nawe utajua ni taa ipi inayostahili kununuliwa.