Je, Wajua? Keloidi ya Mguuni

Je, wajua kwamba keloidi haiheshimu mipaka ya jeraha lililoizaa? Kovu la kawaida, hata likiinuka, hubaki palepale ngozi ilipokatika. Keloidi hutambaa hadi kwenye ngozi ambayo haikuguswa, huku ikiwasha na kuuma.

Je, wajua kwamba inaweza kukawia? Jeraha hupona, mwenyewe akalisahau, kisha baada ya mwaka mmoja au zaidi uvimbe mgumu ukaanza.

Je, wajua kwamba ni nadra kuota chini ya wayo? Viganja na kope pia huiona kwa nadra. Mguuni hutokea zaidi upande wa juu na karibu na kifundo, na hapa Tongaren, kaunti ya Bungoma, vyanzo vya majeraha ya hapo tunavijua: jembe linaloteleza wakati wa palizi, na ekzosi ya bodaboda inayomchoma abiria anaposhuka. Ukichomeka, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Kidonda cha moto kinachopita wiki 3 bila kufunga kina hatari kubwa ya kuacha kovu nene.

Je, wajua kwamba vijana wa Kibukusu wanaoingia jandoni Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili hawana sababu kubwa ya kuhofia keloidi pale walipotahiriwa? Keloidi za sehemu za siri ni nadra mno. Kifua, mabega na ndewe za masikio ndivyo huongoza.

Je, wajua kwamba watu wenye ualbino nao hupata keloidi? Kwa muda mrefu iliaminika hawapati. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 uliwakuta nazo asilimia 7.5 yao, dhidi ya asilimia 8.5 ya wasio na ualbino.

Je, wajua kwamba kuikata tu ni kuikaribisha tena? Ikikatwa bila tiba nyingine, hurudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa, na pengine ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana nasisitiza: ukiambiwa ni upasuaji, uliza tiba gani itafuata kisu. Inaweza kuwa sindano, au mionzi inayotolewa mapema baada ya upasuaji.

Je, wajua kwamba sindano ya triamsinoloni, dawa ya aina ya steroidi, hudungwa ndani ya kovu lenyewe? Sindano za kwanza huuma, kwa sababu keloidi inaweza kuwa ngumu kama mpira wa tairi na daktari hulazimika kusukuma dawa kwa nguvu. Hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa miezi kadhaa, mpaka kovu lilainike na kushuka. Ngozi ya hapo inaweza kupauka au kubonyea. Mwenye kisukari aseme mapema, kwani dawa hii inaweza kupandisha sukari. Mjamzito naye aseme. Kwa mtu wa Naitiri au Ndalu, hapa Tongaren, hizo ni safari nyingi za Kitale, Bungoma au Eldoret, na nauli yake ipangwe tangu mwanzo, maana tiba ikikatizwa nusu kovu linaweza kuinuka upya.

Je, wajua kwamba karatasi laini ya silikoni huvaliwa juu ya kovu saa 12 au zaidi kwa siku, kwa angalau miezi 3? Mguu hutoka jasho na karatasi huteleza. Ioshe, kausha ngozi, kisha ishikilie kwa soksi. Na viatu viwe vipana: gambuti inayosugua kovu kutwa shambani huzidi kulichokoza.

Je, wajua kwamba nitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huigandisha keloidi? Kwa ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe.

Je, wajua kwamba si kila uvimbe wa mguuni ni keloidi? Mwaka 1977 mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa na melanoma kwenye kidole cha mguu. Saratani hiyo ilimuua tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi, melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Doa jeusi linalopanuka, kidonda kisichofunga, au uvimbe unaotoa usaha wenye chembechembe: hapo daktari akate kipande kidogo kipimwe maabara kabla ya sindano yoyote.