Badilisha PIN ya WhatsApp Kabla Mwizi Aombe Mathe Wako Doo

Saa tatu usiku, mathe anapata meseji yako WhatsApp: "Mum, niokolee na thao mbili, nitarudisha kesho. Tuma kwa namba ya huyu beshte yangu, yangu inasumbua." Picha ni yako, jina ni lako. Anatuma bila maswali. Kumbe wewe ulishatupwa nje ya akaunti yako kitambo, na kuna msee mahali anakula doo ya mathe.

Hii mchezo huanza hivi. Mwizi anaweka namba yako kwa WhatsApp ya simu yake. Zile namba sita za kuthibitisha zinaingia kwako kwa SMS. Halafu anakupigia na sauti tamu: "Pole boss, nimetuma kwako kimakosa, nisomee tu." Ukimsomea, umempea funguo ya keja.

Ndio maana kuna kufuli ya pili: PIN ya namba sita unayochagua mwenyewe. Hata akipata zile za SMS, bila PIN hapiti.

Fanya hivi sasa:

1. Fungua WhatsApp, ingia Settings, kisha Account, halafu Two-step verification.
2. Kama hujawahi weka PIN, iwashe. Kama unayo na kuna mtu anaijua, bonyeza Change PIN.
3. Weka namba sita mpya, urudie. Wachana na 123456 na mwaka wako wa kuzaliwa.
4. Ongeza email yako. Ukisahau PIN, hiyo ndio itakuokoa.

Usiishie hapo. Kama ex wako aliunganisha WhatsApp yako na laptop yake, kubadilisha PIN pekee hakumtoi. Ingia Linked devices, na kifaa chochote usichokijua, kitoe.

Na kama umeshaibiwa? Usipanic. Sajili namba yako upya kwa simu yako. Ukiweka zile namba sita za SMS, mwizi anatolewa hapo hapo. Akiwa ameshaweka PIN yake, utangoja siku 7 ndio uingie, lakini pia yeye hayuko ndani. Wakati unangoja, pigia watu wako simu ya kawaida, uanze na mathe.

Na zile namba sita, usisomee mtu. Hata akisema anatoka WhatsApp.