Mwalimu Mstaafu, Nyanya wa Wengi: Kumbukumbu Ambayo Turkana Haijaiandika

Katika mazishi mengi ya Kenya ya leo, wasifu wa marehemu, yaani maelezo ya maisha yake yanayochapishwa katika kijitabu cha ibada na kusomwa mbele ya waombolezaji, hufuata mpangilio unaojulikana na kila mtu: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo. Mpangilio huo huisaidia familia iliyofiwa kusema jambo la maana wakati ambapo majonzi yameziba maneno, na kwa sababu hiyo haustahili kudharauliwa. Hata hivyo, unapotumiwa kumweleza mwanamke aliyefundisha shule za msingi za Turkana kwa miongo mitatu, kisha akastaafu na kulea wajukuu Lodwar, Kakuma au Nadapal, huacha nje sehemu kubwa ya kazi yake, kwa kuwa humgawa kuwa watu wawili, mwalimu aliyekoma siku alipokabidhi funguo za ofisi na nyanya aliyeanza siku iliyofuata, ilhali kwa waliomjua alikuwa mtu mmoja aliyeshika kazi moja hadi mwisho.

Turkana ni kaunti ya kaskazini-magharibi mwa Kenya, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na watu 926,976 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Barabara kuu inayotoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, huenda hadi Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120, kisha hupita Lokichoggio na kufika Nadapal ya mpakani, ambako msafiri huvuka kuelekea Sudan Kusini. Jina la Nadapal hubebwa pia na sehemu nyingine ndani ya Turkana, na mwandishi wa wasifu hana budi kulifafanua ili msomaji wa kizazi kijacho asimpeleke marehemu mahali ambapo hakuishi. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, maana yake ni kwamba mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na iliitazama zaidi kama ngome ya mpakani na mahali pa kuwaweka wafungwa wa kisiasa kuliko kama mahali pa kujenga shule. Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, alikokaa hadi 1961. Ni katika mwaka huo wa 1961, wakati wa ukame na njaa kali, ambapo wamisionari wa Kikatoliki walianza kazi yao Turkana, kazi iliyokua hadi Lodwar ikawa jimbo kamili la Kanisa mwaka 1978, na madarasa mengi ya mwanzo yalianza karibu na vituo vya misheni vilivyogawa chakula na dawa.

Tarehe hizo zina uzito kwa mtu anayekumbuka maisha ya mwalimu wa kike, kwa sababu zinaonyesha jinsi kizazi chake kilivyokuwa cha kwanza. Msichana aliyezaliwa mwaka 1954 katika boma la wafugaji hakuwa na mama wala shangazi aliyepata kushika kalamu. Mwaka 1971 serikali iliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame, Turkana ikiwa mojawapo, na mwaka 1974 ikaondoa karo ya madarasa manne ya kwanza nchini kote, lakini karo haikuwa kizuizi pekee. Binti ndiye aliyeteka maji, aliyechunga mbuzi na kuwabeba wadogo zake, na mahari yake, ambayo kwa Waturkana hulipwa kwa mifugo mingi, ilikuwa tegemeo la ukoo mzima, hata la ndugu zake wa kiume waliohitaji mifugo ili nao waoe. Mzazi aliyemwacha binti huyo shuleni hadi amalize alikuwa ameacha mali halisi kwa ajili ya faida ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Wasifu unaosema tu kwamba marehemu alijiunga na shule ya msingi mwaka fulani huufuta uamuzi huo, pamoja na jina la aliyeufanya, na hilo ni pengo linalopaswa kujazwa kabla ya mengine.

Baada ya shule palikuwa na chuo, na vyuo vya ualimu vya Bonde la Ufa, kama Tambach na Mosoriot, viko katika nyanda za juu zenye baridi, mbali sana na bonde la mto Turkwel. Walimu wa shule za msingi wakati huo walipangwa kwa madaraja ya P3, P2 na P1, la mwisho likiwa la juu zaidi, na wengi walianza kufundisha kabla ya kupata mafunzo yoyote, wakapanda daraja moja baada ya jingine kwa mitihani. Kupanda huko, ambako katika faili la Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967, huonekana kama barua chache tu, kulimaanisha kusoma usiku kwa taa ya mafuta huku mtoto mchanga akiwa mgongoni.

Kazi ya darasani ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, nayo ndiyo inayopewa mistari michache zaidi. Sera ya elimu ya Kenya imetaka kwa miaka mingi kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini sera hiyo haina nguvu pale ambapo mwalimu haijui lugha hiyo, na Turkana imekuwa ikipokea walimu wengi kutoka kaunti nyingine, ambao baadhi yao huomba uhamisho mara wapatapo nafasi kwa sababu ya joto, umbali na ukosefu wa usalama. Mwalimu wa kike aliyezaliwa hapo, ambaye hakuwa na pengine pa kuhamia, ndiye aliyempokea mtoto wa darasa la kwanza kwa Kiturkana, akamvusha polepole hadi Kiswahili, kisha Kiingereza, chini ya mti wa ewoi, yaani mgunga wenye kivuli kipana, pale ambapo madarasa ya mawe hayakuwapo au hayakutosha. Alijua ni mtoto yupi aliyekosa kufika kwa sababu ya ugonjwa na ni yupi aliyekosa kwa sababu familia imehama na mifugo, na tofauti hiyo ilikuwa muhimu, kwani wa kwanza alihitaji zahanati na wa pili alihitaji mtu wa kumfuata malishoni na kuzungumza na wazee.

Alihesabu pia chakula. Njaa na kipindupindu vya miaka ya 1979 hadi 1981, wakati ambao Waturkana huuita Lopiar, viliangamiza mifugo na kuzisukuma familia nyingi kwenye kambi za msaada, na ni mwaka 1980 ambapo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kusaidia chakula cha shuleni nchini Kenya, mpango ambao serikali iliupokea kikamilifu mwaka 2018. Katika shule ya sehemu kame, siku ambayo hakuna chakula mahudhurio hushuka, na kwa hiyo mwalimu aliyesimamia stoo, aliyepima mahindi na maharagwe na kuhakikisha kwamba moto umewashwa kabla ya saa nne, alikuwa akilinda masomo sawasawa na yule aliyeshika chaki. Kakuma ilipopokea kambi ya wakimbizi mwaka 1992, mji huo mdogo ulio kando ya mto Tarach ulijaa watoto waliotoka vitani, wengi wao bila wazazi, na kuanzia hapo historia ya ualimu wa Kakuma haiwezi kuandikwa bila kuwataja walimu wakimbizi, ambao wamefundisha madarasa yenye watoto zaidi ya mia kwa malipo ya posho badala ya mshahara. Nao wana nyanya zao na kumbukumbu zao, na wanastahili makala yao wenyewe.

Mwalimu aliyezaliwa mwaka 1954 alifikisha miaka 55 mwaka 2009, mwaka uleule ambao umri wa lazima wa kustaafu ulipandishwa hadi 60, hivyo wengine wa umri wake waliondoka na wengine, waliowapita kwa ujana wa miezi michache tu, wakabaki madarasani miaka mitano zaidi. Pensheni ya utaratibu wa zamani hukokotolewa kwa kuzidisha mshahara wa mwisho unaohesabiwa pensheni kwa idadi ya miezi ya utumishi, kisha kugawanya kwa 480. Aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, hupata robo tatu ya mshahara huo, naye anaweza kuchukua robo ya pensheni yake kwa mkupuo, malipo ambayo watu wengi huyaita kiinua mgongo. Marupurupu ya mazingira magumu, ambayo mwalimu wa Turkana huyategemea kila mwezi, hukoma siku ya kustaafu, ijapokuwa mazingira hayabadiliki. Zaidi ya hayo, mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 umewapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee waliofikisha miaka 70, uliwekwa kwa ajili ya wale wasio na pensheni ya serikali. Mwalimu mstaafu, kwa hiyo, huonekana kuwa tajiri katika jamii yake, na madaftari, sare na nauli za watoto wa ukoo huelekezwa mlangoni pake.

Hapo ndipo unyanya wake huanza kufahamika ipasavyo. Wafugaji wa Turkana huhama katika makundi ya malisho yanayoitwa adakar, na familia nyingi sasa zimejigawa, vijana wenye nguvu wakifuata mifugo huku wazee na watoto wa umri wa shule wakikaa karibu na mji, kisima na shule. Nyumba ya mwalimu mstaafu katika mitaa ya Lodwar au pembezoni mwa Kakuma hugeuka kuwa bweni lisilo na kibao: analala humo mtoto wa binti yake, mwana wa shemeji, mtoto aliyeletwa kwa wiki moja akakaa hadi mtihani wa mwisho. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo, lakini anaifanya kwa ujuzi uleule aliolipwa kwa ajili yake, akisikiliza mtoto akisoma kwa sauti jioni, akikagua hesabu, akimwita mwalimu wa darasa kwa jina kwa kuwa naye alipita mikononi mwake.

Ukaribu wa mababu na wajukuu si jambo geni katika utamaduni wa Waturkana. Wanaume wao hugawanyika katika makundi mawili, Mawe na Chui, ambayo kwa Kiturkana huitwa Ngimor na Ngirisae, na mwana huingia katika kundi ambalo si la baba yake, hivyo babu na mjukuu hujikuta upande mmoja kwa haki ya kuzaliwa. Mpangilio huo ni wa wanaume, lakini fikra iliyomo, kwamba kizazi hukamilishwa na kile kinachokuja baada ya kinachofuata, husaidia kueleza kwa nini malezi ya nyanya hayachukuliwi kuwa msaada wa muda. Nyanya hakopeshwi mtoto. Anampokea kama wake.

Sheria ya Kenya nayo imeliona hilo, ingawa ni familia chache zinazolijua. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamhesabu mjukuu kuwa tegemezi wa marehemu endapo marehemu alikuwa akimtunza hadi wakati wa kifo chake, na hivyo inamruhusu kudai fungu katika mali. Sheria hiyohiyo inaiacha mifugo ya Turkana, pamoja na ya wilaya nyingine za wafugaji, kwenye mila za jamii pale marehemu anapofariki bila wosia. Pensheni ya wategemezi hufuata njia yake ya tatu, kwa mjane au mgane na watoto, kwa muda wa miaka mitano. Nyanya aliyelea wajukuu sita anaweza basi kuacha nyumba inayofuata sheria moja, mbuzi wanaofuata nyingine, na pensheni inayofuata ya tatu, huku mtoto aliyemtegemea kuliko wote akikosa mahali pa kutajwa. Ikiwa wasifu wake uliandikwa kwa uangalifu, ukaeleza ni watoto gani waliokaa kwake, tangu lini, na nani aliyelipa ada yao, maandishi hayo yanaweza kumkumbusha chifu na wazee wa ukoo jambo ambalo mgogoro wa mali husahaulisha upesi.

Pwani ya Waswahili ina mfano maarufu wa mwanamke aliyeyaandika mafundisho yake kabla ya kuondoka. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na kwa sababu hiyo sauti yake imewafikia wasomaji ambao hawakuwahi kulijua kaburi lake. Karibu zaidi na Turkana, katika kijiji cha Ndalat, Nandi, Priscilla Sitienei, mkunga aliyejulikana kwa jina la Gogo, alijiunga na shule ya msingi akiwa amekaribia miaka 90, na miongoni mwa sababu alizozitoa ni haja ya kuandika maarifa yake ya ukunga na mitishamba. Alifariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99. Yeye alitafuta kalamu uzeeni kwa kuwa aliikosa utotoni. Mwalimu mstaafu wa Turkana ameishika kalamu maisha yake yote, lakini ameitumia kuandika maendeleo ya watoto wa wengine, rejesta za mahudhurio na ripoti za wakaguzi, na mara chache sana kuandika habari zake mwenyewe.

Walimu wa kike waliozaliwa katikati ya miaka ya 1950 wamekwisha kupita miaka 70, na wale walio hai wanaweza kuulizwa leo mambo ambayo mwandishi wa wasifu hatayapata kwa mtu mwingine baada ya miaka michache: nani aliyekataa mifugo ili wao wasome, mti upi ulikuwa darasa la kwanza, wanafunzi gani waliondoka wakati wa Lopiar na wangapi walirudi. Mjukuu mwenye simu anaweza kuyarekodi mazungumzo hayo kwa Kiturkana, lugha ambayo nyanya huikumbukia utoto wake, kisha akayaandika kwa Kiswahili akiwa ameketi naye, ili pale anapokosea jina la kijiji au la mwaka wa ukame asahihishwe papo hapo na mwalimu mwenyewe.