Kutunza Betri za Redio na Simu

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twapenda kusema nanyi juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hawakijali mpaka siku kinapowashinda, nacho ni betri. Redio ikinyamaza, mwenyewe husema imekufa. Simu ikizimika, mwenyewe huanza kuweka akiba anunue nyingine. Lakini mara nyingi chombo chenyewe ni kizima, ila betri yake imechoka, au imeharibika kwa kukosa matunzo. Na hasara yake si ndogo. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya, simu si chombo cha maneno tu, bali ni mkoba wa fedha pia; nayo ikizimika siku ya kununua dawa au kulipa ada ya shule, mwenye fedha huwa kama asiye nazo. Basi yafaa tujue betri hufanyaje kazi, maana ajuaye sababu ya kitu hukitunza kwa akili, wala si kwa kubahatisha.

BETRI KAVU

Tuanze na betri za redio na tochi. Kopo la betri ya kawaida limefanywa kwa zinki, na katikati yake umesimama mchi mdogo wa makaa. Baina ya viwili hivyo mna dawa yenye unyevu. Umeme hupatikana kwa kuwa dawa ile huila zinki kidogo kidogo. Kwa hiyo kopo lenyewe ndilo chakula cha betri, na betri iliyokwisha ni kopo lililotoboka au lililo karibu kutoboka. Likisha kutoboka, maji yake hutoka na kula springi na vyuma vya redio.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: sauti ya redio ikianza kufifia, ondoeni betri zote, msiziache humo hata siku mtakapopata nyingine. Ya pili: msichanganye betri mpya na kuukuu, maana ile iliyochoka hulazimishwa kufanya kazi na wenziwe wenye nguvu, nayo huvuja upesi.

Wako watu wanaoanika betri juani, na wengine huziuma kwa meno, ili wapate kusikiliza siku moja zaidi. Ni kweli kwamba joto huharakisha kazi ya dawa iliyomo ndani, na redio huamka kidogo. Lakini joto lilo hilo huharakisha kuvuja, na mwenye kuuma betri huenda akatia sumu kinywani mwake. Faida ni ya jioni moja, na hasara ni ya redio nzima.

Kama betri zimekwisha kuvuja, msiitupe redio. Kwangueni ukoga ule kwa kijiti kikavu, wala msiuguse kwa vidole. Kisha futeni vyuma kwa pamba yenye matone machache ya ndimu, mfute tena kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi, na kuviacha vikauke. Mwisho visugueni polepole kwa msasa laini mpaka ving'are. Mara nyingi kazi hii ya nusu saa yatosha kuirudishia redio sauti yake.

BETRI YA SIMU

Betri ya simu ni ya namna nyingine. Ilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya kuibuni. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kati ya pande mbili. Upande mmoja ni wa madini, na wa pili ni wa grafiti, kitu kile kile kilichomo katika penseli. Tukiichaji simu, chembe huenda, tukiitumia, hurudi. Lakini katika kila safari chembe chache hunaswa njiani, wala hazirudi tena. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Baada ya safari 500 hivi, betri nyingi hubaki na nguvu kama asilimia 80 ya zile za kwanza. Uchakavu huo hatuwezi kuuzuia, lakini twaweza kuupunguza mwendo.

Adui wa kwanza ni joto. Msiiache simu juani, wala karibu na jiko. Na zaidi ya yote, msiichaji chini ya mto wa kulalia, kwa kuwa huko joto halina pa kutokea, na moto waweza kuzuka watu wamelala. Adui wa pili ni njaa na shibe za kupita kiasi. Betri hudumu zaidi ikiwa haishuki sana chini ya asilimia 20, wala haikai usiku kucha katika asilimia 100. Ile shauri ya kuimaliza kabisa kabla ya kuichaji ilikuwa ya betri za zamani za nikeli; kwa hizi za lithiamu haifai.

Ikiwa simu haichaji, msikimbilie kununua betri wala chaja. Kwanza izimeni, mtazame ndani ya tundu la chaja kwa mwanga wa tochi. Mara nyingi mtaona vumbi na nyuzi za nguo zilizoshindiliwa humo. Zitoeni taratibu kwa kijiti chembamba kikavu, si kwa sindano, maana chuma huweza kuharibu meno ya ndani.

Simu ikianguka majini, izimeni mara moja, wala msijaribu kuiwasha ili kuona kama ni nzima. Huko kujaribu ndiko kunakoziua simu nyingi. Toeni betri ikiwa yatoka, futeni maji, mkaiweke kivulini penye upepo kwa siku moja au mbili. Msiitie ndani ya mchele, kwa kuwa haushindi upepo, na unga wake huingia matunduni. Yakiwa maji ya bahari, pelekeni kwa fundi siku ile ile, kabla chumvi haijala vyuma. Yeye huisafisha kwa spiriti.

Tena iko dalili moja ambayo hatupaswi kuidharau kamwe. Betri ya simu ikifura, ndani yake mmefanyika hewa. Kama betri yenyewe yatoka, ilazeni juu ya meza iliyo sawa, mwizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imefura. Msiitoboe, msiikandamize, msiichaji tena. Itengeni na vitu viwakavyo, mpaka iende kwa fundi.

BETRI ILIYOKUFA

Sasa tuulize: betri iliyokufa huzikwa wapi? Wengi huitupa motoni, au chooni, au shambani. Ya simu huweza kulipuka motoni. Na nyingi za zile kubwa zitumikazo katika magari na katika umeme wa jua zina risasi na asidi. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto, wala hakuna kipimo chake kijulikanacho kuwa salama. Huko Owino Uhuru, katika Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika hewa na udongo wa majirani zake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi milioni 1,300 za Kenya. Shauri likapanda hata Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2024 ikawapa wenyeji haki yao. Lakini hakuna fidia iwezayo kuitoa risasi mwilini mwa mtoto. Basi asiwepo mtu wa kupasua betri ya namna hiyo uani, wala kuyeyusha risasi yake kwa ajili ya vizito vya nyavu.

Mwaka 2022 ulimwengu ulitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na sehemu iliyojulikana kukusanywa na kufanyiwa kazi ipasavyo haikufika robo. Hata hivyo njia iko. Mjini Nairobi vipo vituo vipokeavyo vyombo hivyo, na huko Rwanda kiko kiwanda Bugesera. Na mahali pasipo na kituo, wauzaji wengi wa betri kubwa huzinunua zile kuukuu. Shule au kijiji chaweza kuweka ndoo moja ya plastiki yenye kifuniko, mahali pakavu pasipofikiwa na watoto, ya kukusanyia betri kavu. Na zile za simu zifungwe vyuma vyake kwa utepe, zitengwe peke yake, mpaka apatikane mtu aendaye mjini.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na afungue mgongo wa redio yake atazame, na kuiondoa simu chini ya mto. Kwaherini.