Unga wa nyonyo unaolinda chuma: Kazi iko kwenye kuchanganya

MAFUTA ya nyonyo, ambayo vijijini yanajulikana zaidi kwa kulainisha choo na kupaka nywele, ndiyo malighafi ya plastiki ngumu iitwayo nailoni 11.

Plastiki hiyo, iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1940, husagwa ikawa unga, kisha unga huyeyushiwa juu ya chuma ili kukikinga na kutu na msuguano. Mabomba ya maji na meno ya shafti za malori ni miongoni mwa vyuma vinavyovishwa nailoni hiyo.

Tatizo ni kwamba nailoni ni laini kuliko chuma, hivyo hukwanguka. Ndiyo maana wataalamu huichanganya na chembe ndogo mno za silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel cha Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya unga wa aina hiyo uliorushwa juu ya chuma kwa gesi ya moto yenye kasi kubwa. Tabaka lenye silika asilimia 15 ya ujazo lilishinda nailoni tupu kwa hadi asilimia 35 katika kustahimili mikwaruzo.

Hata hivyo, kuongeza silika peke yake hakutoshi. Chembe hizo hupenda kushikana na kufanya mabonge, kama unga wa muhogo ulioingia unyevu. Palipo na bonge ndipo tabaka linapoanza kumeguka.

Njia ya gharama nafuu ni kinu cha gololi, yaani pipa linalozunguka likiwa na gololi ngumu ndani. Gololi huvunja mabonge na kubandika silika juu ya punje za nailoni. Kasoro yake ni kwamba silika hubaki nje ya punje. Punje inapoyeyuka na kutandazika kama chapati, silika hujikusanya pembezoni. Punje ndogo husaidia, kwa kuwa eneo lake la nje ni kubwa zaidi kwa uzito uleule.

Njia ya pili ni kuyeyusha nailoni na silika pamoja kwenye mashine ya skrubu, kisha kusaga. Hapa silika huingia hadi ndani. Lakini nailoni hulainika kwa joto la kusaga, hivyo huenda ikalazimu kuigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Gharama hupanda.

Kwa hiyo mwenye karakana anayenunua unga wa kuvisha chuma asiishie kuuliza kiasi cha silika kilichomo. Aulize pia umechanganywa vipi.

Kwa mkulima wa nyonyo, somo ni lilelile: mbegu ni mwanzo tu. Fedha nyingi ziko kwa anayejua kuisindika.