Meli Ikifika Bandarini, Mshuke au Mbaki?

Mnaopanga fungate la melini, msidanganyike na majina kwenye ratiba. Ya kwetu ya Mediterania iliandikwa “Roma”, kumbe bandari yenyewe ni Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka Roma!

Pigeni hesabu. Meli inafika saa moja asubuhi, abiria wote ndani saa kumi na moja jioni. Toa foleni ya kushuka, toa treni ya kwenda na kurudi, toa na saa moja ya tahadhari, maana ukichelewa inakuacha. Zinabaki saa tano hivi. Mume wangu alitaka twende, mimi nilitaka kulala. Jamani, tulinuniana mpaka chai ikapoa.

Mwishowe kila mmoja akataja kitu kimoja tu. Yeye Colosseum, mimi chakula cha mchana bila kuangalia saa. Vatican tukaiacha, na wala hatukuikumbuka. Ziara za meli ni ghali, ila kwa bandari ya mbali hivi zina faida yake: basi lao likichelewa, meli inasubiri.

Valletta, Malta, ni habari nyingine kabisa. Meli inafunga chini ya kuta za mji. Lifti iliyofunguliwa 2012 inakupandisha mita 58, uko mjini. Hapo kulipia ziara ni kutupa hela.

Kuhusu viza, ya Schengen inatosha Italia na Malta. Meli ikipitia nchi nyingine katikati, ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja.