Maelezo Mamoja, Milango Mitano

Mwombaji wa shahada ya kwanza nchini Uingereza huruhusiwa kuchagua hadi kozi 5 kupitia mfumo wa pamoja wa udahili, UCAS. Hata hivyo, maelezo binafsi yanayotumwa kwa vyuo vyote ni yale yale, yasiyozidi herufi 4,000. Hapo ndipo penye mtego kwa anayeomba baiokemia, jenetiki na famakolojia kwa pamoja: akiisifu moja kwa jina, wasomaji wa nyingine humwona mgeni aliyepotea njia.

Busara ni kuandika kuhusu swali, si jina la shahada. Selimundu ni mfano mzuri. Badiliko la asidi amino moja katika himoglobini humhusu mwanabaiokemia. Urithi kutoka kwa wazazi wote wawili, mwanajenetiki. Namna haidroksiyurea inavyopunguza vipindi vya maumivu, mwanafamakolojia. Aliyemuuguza ndugu mwenye maradhi hayo asiishie kwenye huruma. Aeleze alichojiuliza, alichosoma, na jinsi masomo yake ya sasa yalivyomsaidia kuelewa.

Kozi hizo hutofautiana majina. Udadisi wa kweli husomeka katika milango yote mitano.